Sungura Ndani ya Waya

Kazini walimwita Mama Pasi, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Alikuwa ametumia zaidi ya nusu ya umri wake katika chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye joto la mashine, akinyoosha shuka ambazo kesho yake zingerudi zimekunjamana vilevile. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini siku hizi, akitoka kazini, alishuka ngazi huku ameshika ukuta, na akifika nyumbani alikaa kwanza kizingitini, viatu miguuni, akipumua tu.

Aliishi na wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe. Wifi alikuja kumzika ndugu yake na hakuondoka. Hakuna aliyemwomba abaki, wala aliyemwambia aende. Alikuwa fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Macho yalichoka, ulimi ukabaki na nguvu zake zote. Hawakugombana. Walipishana tu jikoni, huyu akitoka huyu akiingia, kila mmoja na sufuria yake.

Kitu ambacho Mama Pasi alikihesabu kuwa chake hasa ni bustani ya nyuma: matuta ya spinachi, maharage na karoti. Nyuma ya bustani kulikuwa na kiwanja kisicho na mwenyewe, majani yamefika kiunoni, na humo ndimo walimotoka sungura wa porini. Msimu ule waliingia kama waliopewa mwaliko. Miche ya maharage iliyolala salama iliamka haina vichwa.

"Tazama walivyokata," wifi alisema, ameinama na kijiti cha mche karibu na pua. "Mshazari, bila kuchana. Ningempata mkataji wa namna hii enzi zangu, ningetajirika."

Mama Pasi hakucheka. Alimwaga majivu kuzunguka matuta, mvua ikayaosha. Alinyunyiza pilipili ya unga. Ikamwingia yeye machoni. Alitundika makopo matupu yagongane kwa upepo. Yakamnyima usingizi yeye, sungura wakayazoea. Mwisho alimwendea jirani yao, fundi seremala, akamweleza shida yake.

"Una uzio?" seremala aliuliza.

"Ninao, wa mbao."

"Basi huna uzio, mama. Sungura haruki kama mbuzi, anapita chini kama maji. Chimba mtaro, ufukie waya wa kuku, kisha uupandishe mpaka magotini."

Akampa waya uliobaki kwenye banda alilomjengea mtu.

Jumamosi Mama Pasi alianza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu, na kila jembe liliposhuka mgongo ulijibu. Alikuwa hajamaliza upande mmoja wifi alipotoka na kigoda, akaketi, akavuta ncha mbili za waya mapajani mwake. Akaanza kuziunga kwa uzi mwembamba wa chuma, mshono kwa mshono, akipapasa kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia.

Mtaro ukasogea, waya ukarefuka.

"Wifi," hatimaye yule mkubwa alisema, "mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umechoka."

Mama Pasi aliegemea jembe. Jasho, au kitu kingine, kilimteremka shavuni, akakifuta kwa kiganja chenye udongo akabaki na mstari mweusi usoni.

"Nilidhani unaona," alisema.

"Mimi? Na macho haya?"

Jua likizama uzio ulikuwa umekamilika, pande zote, hata panya asipate pa kupenya.

Asubuhi Mama Pasi alitoka na kikombe cha chai mkononi. Spinachi ilikuwa imekatwa tuta zima. Alikaa chini palepale kwenye umande, akalia kama mtoto. Wifi alitoka kwa sauti ile, na wakati huo huo kitu cha rangi ya udongo kikakimbia kando ya waya, kikagonga kona, kikarudi.

"Eeh, mama yangu!" wifi alisema. "Tumemfungia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mama Pasi alishika fimbo ya kuegemezea maharage. Alikuwa ameshaiinua pale wifi alipomshika mkono na kumwonyesha chini ya majani ya karoti. Palikuwa na shimo dogo lililotandikwa manyoya, na juu ya manyoya walilala vitoto, macho yamefumba. Manyoya yalikuwa ya mama yao, alijinyonyoa kifuani.

Mama Pasi alisimama pale hadi chai ikapoa.

"Nimechoka kuwahurumia watu, wifi. Sasa na sungura?"

"Basi mpige. Sitakuzuia tena."

Hakumpiga. Alileta koleo, akakata waya upande wa kiwanja, akapanua tundu la kumtosha mnyama. Alifanya hivyo akinung'unika, akiwalaani sungura, seremala na mgongo wake.

Wiki zilizofuata sungura aliingia na kutoka apendavyo, na walichokula wao wawili ni kile alichowaachia. Wifi alikuwa akikaa karibu na tundu na kigoda chake, akiwafukuza wengine kwa kupiga sufuria. Siku waliyokuta shimo tupu na manyoya yametawanyika, alilishona tundu lile akasema hafanyi tena kazi ya namna hiyo bila malipo. Mama Pasi akacheka, kicheko kifupi chenye kikohozi.

Maharage hayakurudi msimu ule. Karoti zilitoka nyembamba kama vidole, wakazipika kwenye sufuria moja. Jumamosi moja Mama Pasi aliamka jua limeshapanda, akasikia maji yakimwagika nyuma. Alichungulia dirishani: wifi alikuwa akimwagilia, nusu ya maji kwenye matuta, nusu miguuni pake. Alitaka kutoka amwelekeze. Akarudi kulala.