Mteja Aliyekimbia na Shela

Watu wakisikia kisa hiki husema nilikuwa nimevuta moshi. Mimi sibishi. Moshi niliuvuta, tena wa kutosha kulaza fahali. Lakini niambie wewe, tangu lini moshi ukakimbia na shela ya bibi harusi? Si mimi peke yangu niliyeona. Tulikuwa wanne tulioikimbilia ile shela, na ukimuuliza kila mmoja kwa wakati wake atakuambia haya haya. Basi kaa unisikilize, na kama utacheka, cheka nikishamaliza.

Ilikuwa miaka ya vita, hapa Bujumbura. Saluni yangu ilikuwa ndani ya ruloti, kule Kibenga, si mbali na ziwa. Ruloti ni ile nyumba ndogo yenye magurudumu ambayo Wazungu huifunga nyuma ya gari waende nayo matembezini. Mhandisi mmoja aliiacha uani kwa mwenye kiwanja alipoondoka nchini kwa haraka, magurudumu yakaisha upepo, nami nikaiomba. Nilitundika kioo pale palipokuwa na jiko, nikaweka viti vitatu na kaske moja, yaani ile kofia ya moto ya kukaushia nywele. Wateja walipanda ngazi mbili, wakaingia wameinama, na wakishakaa walijiona wako safarini. Nani hakutamani safari miaka ile?

Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Nguzo zikiangushwa huko milimani, mji mzima unakaa gizani. Kwa hiyo nilikuwa na jenereta ndogo ya kubebwa na watu wawili. Wenyewe tunaiita gurupe. Fundi aliyeniunganishia nyaya alikuwa Mkongomani wa Uvira, mwenye maneno mengi, na alinipa masharti kama daktari.

"Maman, gurupe inakaa mbali na ruloti, hatua makumi mbili. Ile mudomo yake ya moshi unaielekeza ku ziwa, apana ku mulango. Na mvua isiiguse, courant ya umeme itakuua."

Nikamwambia nimesikia. Kaske ikiwaka, pasi haiwaki. Ukitaka kuongeza mafuta, unaizima kwanza, unangoja ipoe. Yote niliyafuata, niamini. Lakini angalia vizuri: fundi alisema ikae mbali, na akasema isilowe. Siku ya jua masharti hayo mawili hayagombani, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza lipi lina nguvu kuliko lingine.

Sasa twende kwenye Jumamosi ya harusi ya Konsolata. Wakati ule harusi zilifungwa asubuhi, kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje. Kila mtu alitaka ale, acheze, na awe amefika kwake jua likiwa bado juu. Saa tatu bibi harusi alikuwa kwangu, saa tano anatakiwa kanisani. Alikuja na wasichana wawili wa kumsindikiza, pamoja na masenge wake, ndiyo kusema shangazi yake wa upande wa baba. Kwetu shangazi ndiye anayemwandaa bibi harusi, anamfunza, anampeleka. Na kwa Konsolata huyu alikuwa zaidi ya hapo. Vita ilikuwa imemchukulia baba, mama na kaka zake. Katika ukoo mzima alikuwa amebakiwa na masenge tu. Alisema waziwazi mbele yetu kwamba bila masenge kumshika mkono, haingii kanisani.

Umeme ulikuwa umekatika, gurupe inanguruma uani, na masenge alikuwa chini ya kaske mvua ilipoanza. Unaijua mvua yetu ya masika? Ilishuka yote kwa mara moja. Nestori, zamu wetu, yaani mlinzi wa kiwanja, akakimbilia kibanda chake cha langoni. Lile bati nililofunika juu ya jenereta likapeperuka, likaenda zake. Nikapiga yowe. Nywele za masenge zilikuwa bado mbichi, na za bibi harusi sikuwa hata nimezigusa.

Nikatoka na wale wasichana. Na nilikuwa mwangalifu, usidhani vinginevyo: niliizima kwanza. Tukaibeba, tukaiweka chini ya turubai la ruloti, lile linalotanda mbele ya mlango kama baraza, nikaiwasha tena. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, kwa hiyo tukashusha turubai pande zote mpaka chini, nikalifunga kamba nne. Tukaingia, tukafunga mlango na madirisha. Nikajisifu kwa sauti kwamba sasa ni kavu, na wezi hawaioni, na hata watu wa mlimani, wale waasi, hawatatusikia. Tulicheka sana.

Haukupita muda mrefu Konsolata akasema, "Kichwa inaniuma."

"Ni woga ya harusi," nikamjibu. "Mi pia nilitapika siku yangu."

Msichana mmoja akaanza kupiga miayo. Masenge alikuwa amelala chini ya kaske, mdomo wazi, na tukakonyezana kwamba mama wa watu amechoka na maandalizi. Kitana kilinidondoka, nikakiokota, kikadondoka tena. Mwili ulikuwa mzito, lakini uzito mtamu, ule wa baada ya ugali mwingi. Nilifikiri nikae kidogo tu.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Aliingia mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani kilichopauka, kichwa amekifunga kitambaa. Hakupiga hodi. Na hakuwa amelowa. Nililiona hilo kabisa, na akili yangu, ilivyokuwa imelewa, haikushtuka hata kidogo.

"Munafunga mulango sana," alisema, polepole.

"Leo nimejaa, mama," nikamwambia. "Rudi kesho."

"Kesho ulisha niambia."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akamtazama masenge kwa muda mrefu zaidi. Kisha akanyoosha mkono kwenye ndoano, akaitoa shela ya Konsolata kwa utulivu, kama mtu anayechukua nguo yake mwenyewe. Akageuka, akatoka.

Shela yenyewe ilikuwa ya kuazima, na aliyeiazimisha alikuwa mwanamke wa kelele, mtaa mzima unamjua. Konsolata, aliyekuwa anasinzia, aliruka.

"Mwizi! Voile yangu! Wee, rudisha voile!"

Tukatoka mbio sisi wanne. Upande mmoja wa turubai ulikuwa umeinuliwa, na zile kamba zangu nne zilikuwa zimefunguka. Tulikimbia kwenye tope, miguu haitutii, mmoja anaanguka, mwingine anamwinua. Yeye alikuwa mbele, kitenge chake hakirushiwi hata tone la matope. Karibu na migomba ya mwisho wa uwanja kile kitambaa chake kikaanguka, nikaona kichwa chake.

Upande wa kushoto ulikuwa umesukwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama, hazijaguswa.

Msusi anajua mkono wake. Mimi kidole gumba kina kovu la kisu, kwa hiyo mistari yangu hupinda kidogo nyuma ya sikio; wateja wangu wananitania kwa hilo hadi leo. Ile mistari ilipinda palepale. Nilikuwa nimemsuka mimi. Nikasimama na mvua ikinipiga usoni, na nilipopangusa macho pale kwenye migomba hapakuwa na mtu. Shela ilikuwa inaning'inia kwenye jani. Konsolata akaivuta, akaikumbatia, akanitazama.

"Ni kavu," alisema. "Maman, shika. Ni kavu."

Niliishika. Ilikuwa kavu, ndani ya mvua ile, na ilikuwa na joto la mwili wa mtu. Sijui nikuelezeje. Sikuogopa. Nilihisi nimesimama kanisani na kitu kikubwa kimepita karibu yangu. Nilitaka kupiga magoti.

Kisha Konsolata akatapika. Msichana mmoja akaketi kwenye matope, ameshika kichwa. Na mimi, kwa ile hewa baridi iliyoingia kifuani, akili ikanirudia kama ya mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Tulikuwa wanne. Ndani alibaki mmoja.

"Masenge!"

Nilimwita Nestori huku nakimbia. Nilipofika nikakuta gurupe inanguruma chini ya turubai, mdomo wake wa moshi umeuelekea mlango kabisa. Maneno ya fundi yalinirudia yote. Nikaizima, Nestori akapasua turubai kwa panga, nikajaza pumzi nje, nikaingia. Masenge alikuwa bado kitini. Tulimkokota kwa mabega, tukamlaza juu ya majani, mvua ikimpiga kifuani. Konsolata alimlalia miguuni na nguo yake ya ndani ya harusi, akilia, "Masenge, usiniache pekee! Masenge, nitabaki na nani?"

Nimesikia vilio vingi miaka ile, lakini kile kilinikata. Niliomba. Nilimwambia Mungu achukue ruloti, achukue mikono yangu. Tulimpiga mgongoni, tukampepea, tukamwita jina la ubatizo. Alikaa hivyo muda usiovumilika. Halafu akakohoa.

Tulipotulia nikamuuliza Nestori kama alimwona yule mwanamke akipita langoni.

"Apana. Mutu hakupita ku portail. Mi niliona ninyi munakimbiza voile."

"Na aliyeishika?"

Nestori alikuwa kibandani, hakuvuta moshi hata kidogo. Alijikuna shingo, akatazama pembeni. "Ilikuwa inaenda yenyewe. Juu, kimo ya mutu. Na mvua ilikuwa haiigusi."

Masenge alikuwa anatusikiliza amelala. Akanishika kanga, akanivuta.

"Ule mama iko wapi?"

"Mama gani, masenge?"

"Ule alikuwa nyuma yangu. Alinishika kichwa, nisilale. Alikuwa ananiambia, wanakuja, wanakuja." Akapumzika, akanitazama machoni. "Mbona ulimusuka nusu?"

Siku ile nilimfunika kanga yangu tu, lakini wewe nitakujibu. Kabla ya Kibenga nilikuwa na saluni katika chumba cha kupanga, mtaa mwingine. Alikuja asubuhi moja mteja mgeni, hata jina sikumuuliza. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa risasi zilipoanza kulia, watu wakakimbia. Akaniambia, "Niache nikae humu, mi siko na mutu huku." Nikamtazama uso. Siku zile wote tulitazamana nyuso, tukapima nani ni nani, wa kabila lipi, na nikaogopa wakinikuta naye. Nikamwambia, "Rudi kesho, nitakumalizia." Nilimtoa kwa kumsukuma mgongoni, taratibu, nikaweka komeo. Alibisha. Nilimsikia akibisha. Kisha hakubisha tena. Wala kesho yake sikuuliza yaliyompata, maana sikutaka kujibiwa.

Huyo ndiye aliyekuja. Angeweza kukaa kimya tu na kutuacha tulale. Nilimfungia mlango mchana kweupe, naye akaja kunifungulia wangu. Nimelifikiria hili kwa miaka, na bado linanishinda.

Harusi ilifungwa saa nane badala ya saa tano, padri amenuna, nywele za Konsolata hazijatengenezwa chini ya shela. Masenge aliingia naye kanisani ameshikiliwa na watu wawili, lakini aliingia, na mkono wa Konsolata ulikuwa mkononi mwake. Hakupona sawasawa. Vidole vyake hutetemeka, na majina ya watu humpotea. Amewapakata watoto wa Konsolata, wawili, na anawachanganya majina kila siku. Mimi ruloti niliiacha mwezi uleule. Nasuka bado, mlango wazi, hata vumbi likiingia. Wapo wanaosema nilipagawa. Waache waseme.

Wewe mwenye jenereta, nakusihi. Iweke mbali, mdomo wa moshi uelekee kusiko na watu. Usiiingize ndani, usiiweke barazani, wala chini ya dirisha, hata kwa dakika ya mvua. Mvua ikija, izime, kaeni gizani, harusi ingoje. Moshi ule unaoua hauonekani na haunuki; unakuja kama usingizi. Kichwa kikiwauma wote kwa pamoja, tokeni nje, na hesabuni mliotoka. Usingoje mtu wa kukuibia shela, kwa sababu sijui kama kuna mtu mwingine mwenye moyo kama ule.

Na siku risasi zikilia, ukasikia mtu anabisha kwako, usichungulie kwanza uso wake. Mfungulie.