Fuwele Zangu Kwenye Banda la Kuku

Aibu yangu akina mama wa Igoma wanaijua yote, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwao ikiwa imetiwa chumvi.

Nilikuwa nakuza fuwele za nikeli kwa ajili ya shahada yangu, chembe ya nikeli iliyokaa katikati ya molekuli yenye umbo la pete, na ili ujue imekaaje unahitaji fuwele moja safi ya kupigwa eksirei. Fuwele, vile vipande vigumu vinavyojijenga polepole ndani ya chupa ya dawa, zinataka kuachwa zitulie. Mimi sasa, kila asubuhi nainua chupa nachungulia (kiherehere nimezaliwa nacho), mara tatu nikaambulia ungaunga. Dawa ya kukuzia ikabaki ya chupa moja tu, na msimamizi wangu anasafiri Ijumaa kwenda kwenye mashine ya eksirei, maana chuoni kwetu haipo. Ndipo nikaamua kuificha nisiione hata mimi: nikaifukia kwenye gunia la pumba za mpunga stoo kwa mama mdogo ninayeishi kwake, kama tunavyovundika ndizi kwetu Bukoba, na sikumwambia mtu.

Alhamisi narudi, koti jeupe la maabara bado mwilini, gunia hakuna. Mama mdogo akanijibu bila wasiwasi kwamba amempa jirani, Mama Neema, akatandike banda la kuku.

Nilikimbia. Nikakuta kikundi chao cha wafugaji kimekaa uani, akina mama kama ishirini, na mimi bila hata shikamoo nikaingia bandani kwa magoti, napekua pumba, jogoo kanipanda mgongoni. Kwa lile koti, na uso nimeuzamisha kwenye pumba, wakajua ni daktari wa mifugo. Wakanizunguka.

“Daktari, tuambie ukweli,” Mama Neema akasema. “Ni ugonjwa?”

Kabla sijajibu, mkono ukagusa kioo. Nikainua chupa juani: fuwele za rangi ya chungwa, pembe zimenyooka, zimeng'ang'ania ukutani mwa chupa. Nikapiga vigelegele na uso umejaa mavi ya kuku, nao wakanipokea bila kujua tunashangilia nini, mradi kuku wazima.

Tangu hapo sifichi kitu kwenye gunia la mtu bila kumwambia, na kuchungulia nimeacha. Picha ya eksirei ilipokuja nilimpelekea Mama Neema: nikeli moja katikati, pete imeizunguka pande zote. Akaitazama sana.

“Hawa ni sisi,” akasema. “Na huyu wa katikati ni wewe, umepiga magoti.”