Mnyama Aliyekula Kuku Wetu

Mume wangu alirudi nyumbani Ilongero na godoro, redio na mtego wa chuma. Godoro nililifurahia, na redio hakuna aliyeikataa. Ule mtego ndio ulionitoa roho.

Alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma huko mjini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu na mashirika yanapunguza watu, na yeye akapunguzwa. Akaja kukaa na sisi, yaani mimi, watoto, na mama yake mzazi, ambaye tuliishi naye boma moja. Kaka yake alikuwa na boma lake ng'ambo ya shamba la mtama, ana ng'ombe wake na mbwa wake.

Ruksa hiyohiyo iliyomrudisha mume wangu ilituletea pia wachuuzi wa kuku. Zamani kuku alikuwa wa mgeni na wa sikukuu. Sasa magari yalifika mpaka mnadani, watu wanawajaza kuku kwenye matenga na kuwapeleka Dar es Salaam na Arusha. Kila mwanamke aliyekuwa na akili aliongeza kuku, na mimi nikaongeza. Hawakuenea tena kulala jikoni, kwa hiyo mume wangu akawajengea banda la miti na udongo, akaliezeka kwa mabati chakavu aliyoyapata mjini. Lilikuwa banda zuri. Siwezi kumnyima hilo.

Halafu asubuhi moja nikafungua mlango nikakuta kuku wamelala chini, vichwa hawana. Mmoja alikuwa ameliwa mpaka kifuani, wengine wameuawa na kuachwa tu. Siku chache baadaye, tena. Ukifuga kuku ukawatunzia mayai, ukawafunika vifaranga na tenga mwewe asiwachukue, halafu unawakuta hivyo, hata chai hainyweki.

Mama mkwe alikuja akainama mlangoni.

"Kicheche," akasema. "Nusa."

Nikanusa. Nilisikia harufu ya mavi ya kuku. Lakini kicheche nilikuwa nimewahi kumwona mwenyewe shambani, mweusi na mistari yake myeupe mgongoni, kwa hiyo nikaona mama amesema kweli.

"Si kicheche," mume wangu akasema. "Huyo ni paka pori. Kicheche hana nguvu hiyo."

"Wewe paka pori umemwona wapi?" mama yake akamuuliza.

"Mama, mimi nimetembea."

Shemeji alipopita na ng'ombe wake akaitwa atoe maoni. Akasema nyegere. Kwa shemeji kila uharibifu duniani ni wa nyegere, kwa sababu nyegere walishamvunjia mizinga yake ya nyuki, na hajawasamehe. Ukimwambia redio imekufa atakuuliza kama hukusikia nyegere.

Nilijaribu kuwapatanisha kwa majivu. Jioni nilizungusha majivu ya jikoni pande zote za banda, laini kama unga, ili mnyama akipita aache nyayo. Asubuhi tukainama wote wanne. Nyayo zilikuwapo kweli. Mume wangu akaona za paka. Mama mkwe akaona za kicheche, akanionyesha hata alama za kucha. Shemeji akapima na kiganja chake akasema nyegere mdogo. Mimi, nisiseme uongo, niliona ninachokitaka kama wao. Tulibishana mpaka jogoo akatoka bandani na wake zake wote, wakapita juu ya majivu, wakaanza kuoga.

Basi mtego ukategwa. Ulikuwa na taya mbili zenye meno, na springi ngumu iliyotaka mguu wa mtu mzima kuikanyaga ndipo ifunguke. Mume wangu aliufunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya mlango, akaweka utumbo wa mbuzi kama chambo, akatukalisha chini na kutueleza tabia za paka pori kana kwamba tunasomea cheti.

Kitu cha kwanza kunaswa ni koo wangu, kuku jike aliyekuwa na vifaranga. Alitoroka tenga, akaufuata ule utumbo. Nikamwambia mume wangu, "Sasa tuna wanyama wawili wanaokula kuku wetu, na mmoja umemnunua wewe."

Hakucheka. Aliuhamishia nyuma ya banda.

Kitu cha pili ni mbwa wa shemeji. Tulimkuta alfajiri analia mguu umebanwa, na ilibidi tumfunike gunia kichwani ndipo mume wangu aweze kukanyaga springi. Alipona, lakini alichechemea tangu siku hiyo. Shemeji hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga kelele. Aliacha tu kusema na mdogo wake. Akiwa na jambo, anakuja mpaka kwenye shina la mti pale nje, anasema kwa sauti, "Shemeji, mwambie mwenzako ng'ombe watapita huku kesho." Na mwenzangu yuko palepale, ananoa jembe, anasikia. Naye anajibu, "Mwambie nimesikia." Mimi nimesimama katikati na ungo mkononi. Nilikuwa simu ya upepo ya watu waliozaliwa tumbo moja.

Kisha tukanasa kicheche.

Hata kabla hatujafika nyuma ya banda tulijua. Harufu yake ilikuwa imeshatutangulia, harufu inayokaa kooni ukaionja. Mume wangu alimuua kwa rungu, na kabla hajafa yule mnyama alimwaga alichokuwa nacho chote kwenye suruali ya mume wangu, suruali ya kitambaa aliyokuwa akiivaa kazini. Niliifua kwa sabuni ya mche, nikaifua kwa majivu, nikaianika mbali na nyumba. Mwishowe tuliichoma. Mama mkwe hakujali harufu. Alizunguka jirani kwa jirani kusema, "Nilisema mimi. Kicheche." Nami nilisema naye, kwa sauti yake ileile. Tukakaa na amani. Nikaanza kupanga kuku wa kupeleka mnadani.

Amani haikudumu hata mwezi kuandama mara ya pili. Nikafungua banda asubuhi, vichwa hakuna.

 Mume wangu alitazama tu upande wa mama yake, akaenda kuuchukua mtego.

Asubuhi mtego uliponasa tena tulikuwa tumeamka kwenda kuvuna alizeti. Nikamsikia mume wangu ananiita, kwa sauti ya furaha kama mtu aliyepata barua ya ajira. "Mama watoto! Njoo umwone paka pori wako!"

Nilikwenda mbio. Kwenye mtego alikuwa mnyama mwembamba, mrefu, wa rangi ya majani makavu na madoadoa meusi mwili mzima. Mkia wake ulikuwa karibu urefu wa mwili, una pete nyeusi na nyeupe mpaka nchani, na uso wake umechongoka. Amebanwa mguu wa nyuma. Alikuwa mzuri. Niliona uchungu kuona kitu kizuri vile kimenaswa, na niliona hasira kukumbuka kuku wangu, vyote pamoja.

"Huyo si paka," nikasema. "Huyo ni kanu."

"Paka."

"Paka gani ana pua kama hiyo? Tazama mkia."

"Paka pori wana mikia ya aina nyingi," akasema. Na ili kunionyesha, akainama kumshika shingoni kwa nyuma, kama unavyomshika paka.

Kanu alijipinda kama kamba na kumng'ata kiganja, chini ya kidole gumba, akang'ang'ania. Mume wangu alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwake. Niliokota mchi na kumpiga yule mnyama mimi mwenyewe, mpaka akaachia, mpaka akaacha kabisa kutikisika. 

Mama mkwe alitoka, akaangalia damu, akamwangalia mnyama.

"Kanu," akasema, bila aibu hata kidogo. "Mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Halafu mpeleke hospitali. Mnyama wa porini akikung'ata unaweza kushikwa na kichaa cha mbwa."

"Kidonda kidogo tu," mume wangu akasema.

"Nimezika mtu wa kidonda kidogo," mama akasema. Akaingia ndani. Hapo mjadala ukaisha.

Baiskeli ilikuwa ya shemeji. Nikamwambia mume wangu, "Nenda kamwombe." Akaniambia, "Mwambie wewe." Nikamwambia mkono unaovuja damu ni wake, si wangu, na kama anataka kufa kwa ajili ya mguu wa mbwa, afe, alizeti nitavuna na watoto. Sikuwahi kumwambia maneno kama hayo. Aliondoka akavuka shamba la mtama, kiganja amekifunga kwa kanga yangu. Nilimwona amesimama mbele ya kaka yake, kichwa chini. Sikusikia walichosema. Nilichoona ni shemeji anaingia ndani na kutoka na baiskeli.

Alimbeba mpaka barabarani, nami nikawafuata kwa miguu, tukapata gari la mizigo la kutufikisha Singida mjini, baiskeli juu ya magunia.

Hospitali muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka kama mimi.

"Shikamoo," tukamsalimia.

"Marahaba. Ameng'atwa na nini?"

"Paka pori," mume wangu akasema.

"Kanu," nikasema.

"Mimi sikumwona," shemeji akasema kutoka mlangoni, "lakini kuna nyegere wa namna fulani..."

"Shemeji, nakuomba!"

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Ni wa kufugwa au wa porini?"

"Wa porini," tukasema wote watatu.

"Basi. Hilo tu ndilo ninalolitaka."

Sindano zenyewe pale hazikuwapo. Siku hizo uliandikiwa, ukaenda kununua kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yakifunguliwa mjini kama uyoga. Shemeji alikwenda kutafuta. Sisi tukabaki kwenye benchi, ukuta wa hospitali ukituchoma mgongo kwa joto.

"Wanachoma tumboni?" mume wangu akaniuliza taratibu.

"Sijui."

"Nasikia wanachoma tumboni."

 Nilikuwa bado nimekasirika, na nilikuwa nawaza alizeti na nani amewapa kuku maji. Akasema, bila kunitazama, "Kule stoo, mtu akija akitaka kitu, hata bolti, nilikuwa najua rafu. Nilikuwa siangalii popote. Nanyoosha mkono tu. Hapa nyumbani kila ninachosema kuna mtu anasema si hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba ni kwa sababu kweli haikuwa hivyo. Neno lilifika ulimini. Nikalirudisha. Nilimtazama kile kiganja kilichovimba, na kanga yangu nzuri imeharibika kwa damu, nikamwambia, "Banda ulilijenga vizuri."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakusema asante, nami sikuingoja.

Hawakuchoma tumboni. Walimchoma begani, na ikabidi arudi tena na tena mpaka dozi imalizike, kila mara kwa baiskeli ya kaka yake. Shemeji alimpeleka mpaka barabarani mara zote, na njiani wakaanza kuzungumza, kuhusu ng'ombe kwanza, kwa sababu kuhusu ng'ombe hamna ugomvi. Kuwa simu kwangu kukaisha. Kichaa hakikumshika. Mama mkwe alimchunguza kila asubuhi kwa wiki nyingi, akimpa kikombe cha maji na kumwangalia anavyoyameza, maana alisikia mwenye kichaa huogopa maji. Mwanaume mzima, anakunywa maji huku mama yake amemkodolea macho kooni.

Mimi, nikikumbuka kwamba kanu ni mpandaji, nilipanda juu ya kinu nikatazama banda kwa juu. Kati ya ukuta na mabati palikuwa na mwanya wa kupita mkono, pembeni kabisa, na kwenye ncha ya bati manyoya laini yalikuwa yamenasa. Miezi yote ile sote wanne tulikuwa tumeinamia ardhi, tunasoma majivu. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikaziba mwanya wote kuzunguka, kisha nikapigilia vipande vya wavu wa waya. Kuku wakaacha kufa.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Yule paka alikuwa wa mwisho."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliendelea kusonga ugali.

Sifa zake zilienea. Mnadani alikuwa akionyesha kovu, na mnyama alizidi kukua kila mnada, mpaka akawa wa kimo cha mbuzi. Siku moja mama mmoja wa kijiji cha jirani akaja bomani kwetu, amefunga kuku aliyekufa, asiye na kichwa, kwenye kipande cha kanga. Tukasalimiana, nikamkaribisha kigoda, nikamwambia, "Mama, usihangaike na mtego. Kaangalie paa la banda lako, ziba kila mwanya."

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Asante, mama," akasema. "Na huyu baba anayejua wanyama, yupo?"

Alikuwapo. Alitoka ndani anafunga vifungo vya shati, mtego umening'inia begani kwa mnyororo wake. Akamfunua yule kuku, akamgeuza upande huu na upande ule, akakunja uso.

"Paka pori," akasema, wakaondoka pamoja.