Gichuru wa Nyumba ya Nyuma

Watu wa kwetu Uthiru wakitaka kumsifu mtu anayejua kutunza shilingi, humtaja shemeji yangu Gichuru. Mimi huwaacha wamsifu. Nikimaliza kuwapimia maziwa naenda zangu, kwa sababu nikianza kuwaeleza habari yake yote, maziwa yatachacha kabla sijafika kwa mteja wa pili.

Ni kweli alilipa mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano kwa miaka sita. Ni kweli pia kwamba katika miaka hiyo sita alimpoteza ndugu yake wa pekee, ambaye ni mume wangu Njuguna, na hakujua kwamba anampoteza. Hilo la pili hawalisemi, kwa sababu hakuna mtu aliyekufa wala kupigana. Hata kanisani huwa wanapeana mkono.

Baba yao alifariki Gichuru akiwa darasa la tano. Njuguna aliacha shule, akaenda kupasua mawe machimboni, na kwa mawe hayo akamsomesha mdogo wake hadi chuo cha uhasibu. Nilipoolewa nilimkuta Gichuru pale nyumbani kama kifungua mimba wetu. Mimi ndiye niliyempigia pasi shati lake la kwanza la kazi, alipoajiriwa na kampuni moja ya bima katikati ya jiji. Siku moja Njuguna alinipeleka mjini, tukasimama upande wa pili wa barabara, akanionyesha dirisha la ghorofa ya sita. "Kijana anakaa hapo," akasema. Tulisimama mpaka askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, akatuuliza kama tunauza kitu.

Mwaka wa 2001 mkubwa mmoja wa kampuni hiyo alistaafu, akauza nyumba yake ya Loresho, mtaa wa wenye nazo, kwa bei ya kuelewana. Gichuru aliichukua kwa mkopo wa benki. Ilikuwa nyumba ya mawe, vyumba vitatu vya kulala, na nyuma yake SQ, vile vijumba viwili vya mfanyakazi vyenye choo cha nje. Badala ya kuingia kwake, Gichuru alipangisha nyumba kubwa, akamhamishia mkewe Virginia na binti yao Becky kule nyuma. Kodi ya nyumba kubwa ikawa inaenda benki pamoja na kila alichoweza kubana kutoka kwa mshahara wake. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Shilingi ya ziada ukiipeleka mapema inaua riba ya miaka ya mbele. Virginia alinieleza hilo baadaye, nikalielewa, na hata sasa silikatai.

Shida yangu ni yale tuliyoambiwa. Tuliambiwa kwamba kampuni imepunguza watu, kwamba Gichuru ameponea chupuchupu lakini mshahara umekatwa, na kwamba bosi aliyestaafu amemhurumia akampa vijumba vya nyuma aishi bure huku akimtunzia nyumba. Siku hizo makampuni yalikuwa yanafuta watu kila mahali, kwa hivyo tuliamini. Na ungeona wanavyoishi, ungeamini hata bila kuambiwa.

Sitamsingizia kwamba hakutupenda. Aliogopa. Alimwona mwenzake kazini akinunua gari, na mwezi haukuisha kabla kadi za michango hazijajaa mezani kwake: harusi, mazishi, karo, paa la kanisa. Gichuru akaapa kwamba mtu asijue ana kitu mpaka benki imwachilie. Virginia alimsihi angalau amwambie Njuguna. Akamjibu, "Nikimwambia kaka atafurahi, na akifurahi atasema." Hapo hakukosea. Njuguna angetembea Uthiru nzima akisema.

Basi wakaanza kujinyima. Gichuru alibeba ngwaci, viazi vitamu, za kuchemsha mfukoni zikawa chakula chake cha mchana, akizila ofisini wenzake wakishuka kwenda kula chipsi. Jioni alishukia Westlands ambako nauli ya bei rahisi inaishia, akatembea hadi Loresho na viatu vya kazi mkononi, miguuni amevaa raba. Kwake ilikuwa balbu moja, na ikitoka chumba hiki kwenda kile inabebwa. Sukari alipima mwenyewe. Becky alivaa sweta moja ya shule mpaka mikono ikafika kwenye viwiko. Mshahara ulipoongezwa, nyongeza yote ilienda benki. Ukimwita mkono wa birika utakuwa umemwonea, kwa sababu alijinyima yeye kwanza.

Mpangaji wa nyumba kubwa alikuwa mama mmoja mpole aitwaye Everlyn, aliyefanya kazi na shirika la misaada. Kodi yake ilipitia kwa wakala, kwa hivyo naye aliamini kwamba Gichuru ni mtunza nyumba. Alikuwa akimwita, "Baba Becky, hebu niangalilie hiyo sinki, maji haiendi." Gichuru anaenda, anazibua sinki yake mwenyewe, anapewa shilingi hamsini, anasema asante. Nilimwuzia Everlyn maziwa, halafu nikazunguka nyuma kumpa Virginia chupa moja bila malipo. Miaka yote hiyo bila malipo. Virginia aliipokea akiangalia chini, nami nikadhani ni aibu ya umaskini.

Mwaka wa 2005 Becky aliitwa kidato cha kwanza, shule nzuri ya mabweni. Mwaka huo huo mtoto wetu Dan alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata nafasi ya kusomea umeme politekniki. Tulikuwa tumemtengea ng'ombe mmoja, Friziani niliyemlea tangu akiwa ndama, auzwe alipie mwaka wa kwanza. Dan alishanunua hata kikokotoo.

Jumapili moja Njuguna alirudi kutoka Loresho akaiacha chai yake ikapoa. Alikuwa amemwuliza Gichuru mambo ya karo ya Becky, naye Gichuru akamjibu, "Mungu atafungua njia."

"Mama Dan," mume wangu akaniambia, "yule mtoto atakaa nyumbani. Baba yake anaishi kwa huruma ya watu. Dan ni mwanaume, anaweza ngoja mwaka moja."

Nilikataa. Niseme wazi kwamba nilikataa, na kwa kelele. Lakini Dan mwenyewe akasema, "Mathe, si ni Becky? Nitangoja." Ng'ombe akauzwa. Njuguna alipeleka pesa zote Loresho kwa mkono wake, zikiwa zimefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Karo ya Becky ilikuwa tayari ipo. Gichuru aliiweka kando mwanzo wa mwaka, maana hakuwa mtu wa kushtukizwa na karo. Angeweza kusema wakati ule, na mambo yangeishia hapo. Virginia alimwangalia aseme. Gichuru alipokea pesa kwa mikono miwili, akamshukuru kaka yake, na Jumatatu akazipeleka benki kupunguza mkopo. Virginia anasema usiku huo yeye hakula, na Gichuru alikula.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa, mwingine ng'ombe wakaugua, na nafasi ya Dan politekniki ikapita. Alifuata baba yake machimboni.

Ikafika Julai 2007. Jumamosi asubuhi nilifika Loresho na maziwa nikakuta lori likipakia vitu vya Everlyn. Virginia alikuwa ndani ya nyumba kubwa akisugua madirisha, na aliponiona akaingia jikoni haraka. Nilielewa nilivyoweza kuelewa. Bosi ameuza nyumba, mpangaji anatoka, na watu wa nyuma watatupwa nje leo hii. Niliacha maziwa getini nikakimbia nyumbani.

Njuguna hakuuliza maswali. Dan alitoa kitanda chake akakipeleka stoo ya majani ili chumba kibaki wazi. Jirani yetu Nzomo alikuwa na pikapu, akakodishwa. Tulipanda na kamba na magunia ya kufungia vitu, Njuguna akiwa mbele, anamwambia Nzomo akanyage mafuta.

Tulimkuta Gichuru amesimama kwenye ngazi za mlango wa mbele, amevaa tai siku ya Jumamosi, anatabasamu.

"Fungasheni," Njuguna akasema kabla ya salamu. "Chumba iko. Usijali, hizi ni vitu hufanyika kwa watu."

"Kaka, karibuni. Leo tunaingilia huku mbele."

"Mwenye nyumba atasema nini? Yuko?"

"Ni mimi."

"Nauliza mwenyewe."

"Kaka, mwenyewe ni mimi. Hii nyumba ni yangu. Nimemaliza loni ya watu juzi, hati nitachukua wiki ijayo. Sikutaka kukuambia nusu nusu, nilitaka nikuonyeshe kitu imekamilika."

Alisema hivyo kwa furaha. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba alikuwa na furaha ya kweli, na kwamba mtu wa kwanza aliyetaka amwone pale mlangoni ni Njuguna.

Mume wangu alimwangalia, akaangalia pikapu, akaangalia kamba aliyoishika. Aliikunja vizuri akaniwekea mkononi.

"Ulinunua lini?"

"Elfu mbili na moja."

"Elfu mbili na moja," Njuguna akarudia. Kisha akanigeukia mimi. "Na ile ng'ombe tuliuza lini?"

Alijua. Hapo ndipo uso wa Gichuru ulipoanza kubadilika.

Njuguna aliingia. Alizungushwa chumba kwa chumba, mikono nyuma, akasema sebule ina mwanga mzuri na mbao za sakafu ni za zamani, za nguvu. Mimi nilienda jikoni nikamshika Virginia mkono nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Naye akalia, akanieleza yote, tangu mwanzo, sinki, karo, pesa za nailoni. Tuliporudi sebuleni Gichuru alikuwa anamwomba kaka yake aibariki nyumba, kwa kuwa ndiye baba aliyebaki. Njuguna alisimama akaomba. Aliomba vizuri sana, bila hata neno moja la kijembe, mpaka nikatamani angetukana.

Nje, Gichuru alitaka kumlipa Nzomo. Njuguna akamzuia. "Hiyo ni yangu. Mimi ndio nilimuita."

Wiki haikuisha kabla Gichuru hajatufikia na bahasha. Alikuwa amepiga hesabu ya ng'ombe, ya maziwa yangu yote, na ya karo ya Dan, na juu yake akaweka riba. Mimi mkono ulishanitoka kuichukua. Njuguna aliirudisha mezani.

"Mimi sikukukopesha," akamwambia. "Ningekukopesha ungelipa, najua. Wewe hulipa hata kabla ya siku. Lakini nilikupa."

"Basi chukua ya Dan pekee, kaka. Arudi shule."

Dan aliitwa. Aliingia na vumbi la mawe kwenye nyusi, akamwamkia baba yake mdogo kwa heshima. "Niko sawa, ankoo," akasema, akarudi kunawa. Gichuru alibaki na bahasha yake. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma huyo mtu, na nilikasirika kwamba namwonea.

Hawakugombana hata siku moja. Wangegombana, ningewapikia mbuzi wakapatana. Krismasi tulienda Loresho, tukala kwenye meza kubwa, Njuguna akasifu chakula. Lakini zile Jumapili za zamani, alipokuwa akishuka kwa mguu kwenda kukaa na mdogo wake kwenye benchi ya SQ wakizungumza mpaka giza, zilikwisha. Habari za shamba, za mgongo wake, za Dan kutafuta mchumba, hakumpelekea tena. Gichuru alikuwa akipita kwetu kila baada ya wiki mbili, anaketi, anauliza "Habari za hapa?" na mume wangu anamjibu, "Njema tu."

Mwaka wa 2009 Njuguna aliugua tumbo, daktari akasema apasuliwe haraka, na hospitali ikataka pesa kwanza. Nilitaja jina la Gichuru mara moja tu. Mume wangu akageukia ukuta. Tukauza kipande cha shamba cha mbele, kile cha barabarani ambacho baba yao alikuwa amepanda miti kwa mkono wake. Mnunuzi alikuja na waya wa kukizungushia siku ya pili.

Gichuru aliuona ule waya akija kwetu, akashuka garini kuuliza. Alifika wodini akihema, tai imeenda upande. Operesheni ilikuwa imekwisha, Njuguna ameketi kwenye mito akinywa uji.

"Kaka, shamba ya baba? Mbona hamkuniambia? Kwani hiyo pesa ningekosa? Ningelipa yote siku hiyo hiyo!"

Mume wangu aliweka kikombe chini polepole kwa sababu ya mshono. Hakuwa na hasira. Ningekuwa nimeiona, namjua.

"Hatukukumbuka," akasema. "Tulishazoea kwamba huna."

Gichuru aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha pili kilichokuwa wazi, akaficha uso kwenye viganja vyake. Muuguzi akaja akamwambia hapo si mahali pa wageni, na yeye akabaki ameketi.