Samaki wa Siagi

Siagi ikiungua kidogo kwenye kikaango changu hapa mjini Penrith, ugenini, nakumbuka meza moja yenye kitambaa cheupe kilichotiwa wanga.

Nilikuwa mdogo. Mama na mimi tulishinda kutwa ndani ya treni ya Ulaya, tukimfuata baba kwenye mji aliokuwa akisoma. Jioni akatupeleka kwenye mgahawa wa kifahari. Kila mmoja aliletewa sahani yake ya samaki, kipande kidogo kama kiganja changu, kimeroweshwa siagi. Mama akahamishia changu kwenye sahani yake, akaisogeza katikati ya meza kama tulivyozoea nyumbani.

"Karibu tule, baba watoto."

Baba alitupia jicho meza za jirani.

"Huku kila mtu anakula chake," akasema taratibu, akaendelea kukata samaki wake kwa kisu.

Tukala wawili. Nililamba vidole vyote.

Siku ya kurudi, treni ilipoanza kuondoka, nilimuuliza mama ni lini baba atakuja nyumbani.

"Si ulimwona anavyokula?" akajibu, akanifunga kifungo cha juu cha koti.