Mchagga Asiyemwelewa Mchagga

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Moshi, jino likiniuma, alipoingia mama wa Rombo akitiririka jasho, na mtoto amelegea mgongoni. Alirudia neno lile lile mara tatu, akionyesha koo la mtoto. Karani, kijana wa Machame, akaandika: homa.

Mama akampokonya kalamu.

Karani akatugeukia. "Mimi ni Mchagga kama yeye, lakini Kirombo sikielewi. Nani anamsikia?"

Mzee mmoja wa Kirua, Mchagga pia, akatikisa kichwa. Mtoto akakohoa, macho yakamgeuka.

Ndipo akasimama mama mmoja Mwislamu wa hapa mjini, anayeuza khanga katika masoko ya Rombo. "Mwanangu, anasema mtoto amekunywa mafuta ya taa. Kimbia!"

Karani alimbeba mtoto mbio hadi kwa daktari. Alasiri nilimkuta mama wa Rombo amempakata mwanawe, mtoto anapumua vizuri. Karani alikuwa amechuchumaa pembeni, akijifunza kusema pole kwa Kirombo.

Katika daftari la bomani sisi Wachagga tumeandikwa kabila moja, na ninajivunia hilo. Lakini makorongo ya mlima huu, yaliyozitenga lugha zetu, hayajasoma daftari hilo.