Siagi ya Shangazi Maselina na Asali ya Baba

Enzi zetu sisi tuliokulia huku Ufipa, siagi haikununuliwa, ilitikiswa. Maziwa yaliachwa yagande katika kibuyu kikubwa, kibuyu kikalazwa mapajani, nasi watoto tukapokezana kukisukuma mbele na nyuma mpaka mikono ikafa ganzi. Aliyetangulia kulalamika alinyimwa kulamba kizibo. Kwa baridi ya mwezi wa saba, upepo unapopita juu ya nyanda zisizo na mti wa kuuzuia, siagi ilikuwa ngumu hata ikakatwa kwa kijiti. Tuliitia katika maharage, tukajipaka iliyobaki midomoni na visiginoni, kisha tukaenda kuteleza juu ya majani makavu ya kilimani hadi nguo zikatoboka nyuma. Viboko tulivyopata kwa ajili ya nguo hizo ni habari nyingine.

Leo mjukuu wangu Editha, anayeniandikia maneno haya kwa kuwa mimi sikuwahi kukaa darasani, hufungua kopo la plastiki lenye mafuta ya mimea yaliyotiwa rangi, akapaka mkate na kuniambia, "Bibi, karibu siagi." Ng'ombe hana habari na kopo hilo. Nimemwamuru aliandike hata hili. Anacheka, lakini anaandika, na mtoto wake wa miezi mitano amelala mapajani pake.

Mtikisaji hodari kuliko wote alikuwa shangazi Maselina, dada wa baba, aliyeolewa katika nyumba yenye ng'ombe, ng'ambo ya kijito chetu. Baba hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na mizinga ya nyuki. Aliitundika katika miti ya miyombo ya mteremko wa kwenda Kaoze, na kila aliporudi, nguo zake zilinuka moshi kwa siku tatu, mikono imevimba, uso umejaa fahari. Ndugu hao wawili hawakuweza kula pamoja bila kushindana.

"Siagi ni chakula cha watu wanaokaa kitako kumngoja ng'ombe," baba alisema. "Asali inataka mwanamume."

"Asali yako humpandisha mtu kilima, kaka," shangazi alijibu. "Siagi yangu ndiyo inayomrudisha nyumbani."

Sisi watoto tulijua kwamba shangazi alisema kweli. Aliyelamba asali asubuhi alikimbia kama swala hadi shambani, na kabla jua halijasimama alikuwa amekaa juu ya tuta akiulizia chakula. Aliyekula ugali wa ulezi wenye siagi alilima kimya mpaka mchana. Lakini nani angethubutu kuyasema hayo mbele ya baba? Katika nyumba yake asali ilikuwa na heshima kuliko wageni. Kila mtoto aliyezaliwa alilambishwa asali katika kidole cha mkubwa, ili, walivyosema wazee, ulimi wake uwe mtamu kwa watu.

Ndivyo alivyopokewa mdogo wangu Fabiano. Mama aliugua baada ya kumzaa, maziwa yakapungua, na kazi ya kumbeba mtoto ikawa yangu, nami nilikuwa nimeota meno mapya mawili tu mbele. Alipolia, niliambiwa nichovye kidole katika asali ya baba nimtulize. Nilichovya. Akatulia. Nikachovya tena kesho yake, na kesho kutwa, nikajiona mlezi hodari.

Hakuwa ametimiza miezi minne alipoanza kubadilika. Kwanza hakupata haja kubwa siku nyingi. Kisha kilio chake kikapungua, kikawa kama cha paka mchanga. Kope zikalegea, shingo ikashindwa kubeba kichwa, na hata mama alipopata maziwa, mtoto hakuwa na nguvu ya kuyanyonya. Shangazi Maselina alivuka kijito na siagi katika jani la mgomba, akayeyusha kidogo sana, akamtia mdomoni ili kulainisha tumbo. Siku ya pili yake Fabiano alifariki.

Msiba haukuwa umekwisha maneno yalipoanza. Siagi ya Maselina. Amemwonea kaka yake wivu. Si yeye aliyeitukana asali yetu? Baba alimwita mbele ya wazee na kumwambia, "Usikanyage tena uani kwangu." Shangazi hakujitetea. Alisema neno moja tu: "Nilikuja kusaidia, kaka." Baadaye yeye na mumewe waliuza ng'ombe, wakateremka hadi Wampembe, ziwani, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwanyoshea kidole.

Siku waliyohama alipita mbele ya nyumba yetu, mzigo kichwani. Nilikuwa nimesimama uani. Mtoto wa Kifipa humpigia goti mkubwa na kumwamkia. Hilo tulifundishwa kabla ya kutembea vizuri. Shangazi alipunguza mwendo, akanitazama, akangoja. Nami nikageuza uso, nikaangalia ukuta. Akaenda zake bila salamu.

Nimezeeka na jambo hilo bila kulijutia, kwa sababu niliamini kwamba nilimnyima salamu muuaji.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mwezi uliopita. Editha alikuwa ametoka kliniki ya Sumbawanga. Mimi nilikuwa nimeagiza asali, si ile ya sukari iliyochemshwa wanayouza vijana wa siku hizi, bali asali yenye masega. Nilikwisha kuchovya kidole, nimeinama juu ya kitukuu changu, Editha aliponishika mkono. Mjukuu akamshika bibi yake mkono!

"Bibi, hapana! Hajatimiza mwaka!"

"Umenishika mimi?" nikamwuliza. "Mama yako nimemlea kwa kidole hiki."

"Nisamehe, Bibi. Nesi amekataza kabisa."

Nikasema, kesho tunakwenda wote kwa huyo nesi, ayaseme hayo mbele yangu. Tukaenda. Tulimkuta binti mdogo, nywele zimesukwa, mbele ya foleni ya akina mama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyewafundisha wajukuu kuwakamata wazee mikono?"

Akina mama walicheka. Yeye hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Alinivutia kiti, akanieleza kama anayemweleza mama yake mzazi. Asali, alisema, karibu yote ni sukari. Huleta nguvu upesi, na nguvu hiyo huisha upesi. Siagi karibu yote ni mafuta. Uzito ule ule wa siagi una nguvu nyingi kuliko wa asali, tena ina vitamini inayosaidia macho. Mtoto akianza uji baada ya miezi sita, siagi kidogo ndani yake si mbaya, ingawa haiwezi kuwa badala ya maharage, yai wala dagaa. Nikasikia sauti ya shangazi: humrudisha nyumbani.

"Na asali?"

"Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lako, Bibi, linavishinda. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka haliwezi. Humlegeza mwili."

"Humlegezaje?"

Akahesabu kwa vidole vyake. Hukosa haja kubwa. Kilio hufifia. Kope hulegea. Shingo hulegea. Hushindwa kunyonya.

Nilishika ukingo wa meza. Alikuwa akimtaja Fabiano, mtoto ambaye hata bibi wa binti huyo hakumwona. Nilimweleza yote, kidole, kijito, jani la mgomba.

"Bibi, siwezi kumpima mtoto wa zamani. Lakini siagi hailegezi shingo ya mtoto."

Tangu siku hiyo nakitazama kidole changu kama kitu cha mtu mwingine. Hatukuwa na nia mbaya, hilo najua. Lakini tulipotafuta mkosaji, tulimtazama aliyetoka ng'ambo ya kijito, na bakuli la asali ya baba likaendelea kukaa mahali pake pa heshima.

Ninyi tuliocheza pamoja, mliobaki, mnaopenda kusema kwamba zamani kulikuwa kuzuri: kweli, siagi yetu ilikuwa siagi na asali yetu ilikuwa asali. Vijana hawa wanakula siagi isiyomjua ng'ombe, na hawajui uchungu wa mkono uliotikisa kibuyu. Lakini binti mwenye nywele za kusukwa alijua lile ambalo baraza zima la wazee wetu halikulijua, na kitukuu changu anapumua hapa karibu nami, shingo yake imara.

Shangazi alikwisha kufariki zamani. Muuza dagaa anayepandisha mizigo kutoka Wampembe ameniambia kwamba kaburi lake linajulikana. Barabara ikikauka, Editha atanipeleka. Sitabeba asali. Magoti yangu hayakunjiki tena, lakini nitayakunja, na nitamwamkia.